Fedha za Umma Zimfuate Mgonjwa Hadi Nyumbani: Afya ya Akili Kanombe na Wilaya ya Kicukiro



Mkazi wa Kanombe, hapa Kigali, akiugua ugonjwa wa akili hawezi kusema hospitali ziko mbali. Hospitali ya jeshi, inayotibu na raia, iko papa hapa. Ndera, hospitali kuu ya magonjwa ya akili nchini, iko jirani tu. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wananchi walijua pa kwenda kutafuta huduma ya afya ya akili, ila waliowahi kuitumia ni takribani 5% tu. Utafiti huohuo ulikuta sonona kwa 12% ya watu kwa jumla, na kwa 35% ya manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

Kati ya kujua na kwenda kuna nini? Aibu ipo, lakini mimi nitasema habari ya fedha. Mituweli, bima yetu ya afya ya jamii, imefanya kazi kubwa: mwanachama hulipa faranga 200 kwenye kituo cha afya, na hospitalini 10% ya gharama. Kisichokatiwa bima ni nauli ya pikipiki kwenda na kurudi, ujira wa siku unaopotea, na ujira wa ndugu anayemsindikiza. Kibarua wa ujenzi akikosa siku moja, watoto wanalala njaa. Atavumilia mwezi wa kwanza, wa pili. Mwezi wa tatu dawa zinaachwa. Tena sonona yenyewe ndiyo inayomzuia mtu kuinuka kitandani, halafu sisi tunamsubiri dirishani aje na kadi yake.

Kila tarehe 11 Aprili wilaya yetu hukusanyika Nyanza ya Kicukiro kuwakumbuka waliokimbilia shule ya ETO mwaka 1994, wakaachwa na wanajeshi wa Umoja wa Mataifa, kisha wakauawa. Nimesimama pale. Mama mmoja alianza kutetemeka, pumzi zikamwishia. Ndiyo hali ambayo Kinyarwanda huiita ihahamuka. Vijana wa kujitolea walimbeba, wakamlaza kwenye godoro, wakamlegezea nguo, na msichana mmoja akamshika mkono bila kusema neno hadi alipotulia. Ilikuwa kazi safi kabisa. Lakini siku 100 za kumbukumbu zikiisha, mama yule anarudi nyumbani, na kiwewe chake hakifuati kalenda. Mwezi Oktoba nani anabisha hodi kwake?

Watu wa kubisha hodi tunao. Rwanda ina washauri wa afya wa jamii zaidi ya 50,000 waliochaguliwa na majirani zao, nao hulipwa kupitia vyama vyao vya ushirika kulingana na kazi zinazohesabiwa. Hesabu hizo zilijengwa kwanza juu ya mama na mtoto, na matunda yake tumeyaona. Kumtembelea mgonjwa wa akili, kuketi naye na kuhakikisha dawa hazijakatika, nako kuhesabiwe na kulipiwa vivyo hivyo. Huruma ya bure huchoka.

Kuna pia vikundi vya Mvura Nkuvure, vilivyoanzia Byumba mwaka 2005. Manusura, waliotoka gerezani na majirani wao huketi pamoja wiki baada ya wiki hadi kuaminiana kurudi. Vimeendeshwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za wafadhili, na mfadhili ana tarehe yake ya kuondoka. Jambo lililothibitika kuwafaa watu wetu halistahili kutegemea mkataba wa mgeni.

Duniani, serikali kwa kawaida hutenga kiasi cha 2% tu ya bajeti ya afya kwa ajili ya akili. Sisi tuliopitia 1994 hatuwezi kujipima kwa kipimo hicho.

Ombi langu kwa viongozi mlioko hapa ni moja: imihigo, yaani mikataba ya utendaji, ya mwaka ujao ya Wilaya ya Kicukiro iwe na mstari wenye fedha za nauli ya wagonjwa wa akili na malipo ya wanaowatembelea, kwa mwaka mzima.