Uyoga, Majani ya Mgomba na Mionzi



Nikieleza jinsi ya kuotesha uyoga mamama kwenye majani makavu ya mgomba, swali halikosi: "Dada, umesema kuna wanaopiga takataka mionzi kwanza. Mtu akila si atapata kansa?"

Hapana. Malaysia, wakisaidiana na Wajapani, walijaribu hivyo kwa makapi ya michikichi. Mionzi ya gama iliua vijidudu vinavyogombania chakula na kuvu, halafu wakapanda kuvu wale nyuzi ngumu. Wakavuna uyoga na lishe ya ng'ombe. Mionzi hupita tu, kama eksirei ya kifua, haibaki ndani. Anayeumia ni atakayesimama mbele ya chanzo chake, ndiyo maana hufungiwa nyuma ya kuta nene za zege.

Sisi kibanjani tuna pipa na kuni, na mvuke unatosha. Katakata majani, loweka, fukiza saa 3 hivi, yapoe, changanya mbegu, funga mifukoni. Mfuko ukiota ukungu wa kijani, utoe haraka! Wakati wa kuvuna funga kitambaa puani, kwani vumbi la uyoga hukohoza kweli.

Majani ya mgomba wenye mnyauko, ule ulioripotiwa Kagera mwaka 2006, usiyaguse. Utausambaza kwa jirani.

Na bibi akinung'unika kwamba unamaliza matandazo yake? Mwambie utamrudishia: mabaki ya mifuko ni mbolea ya migomba ileile.