Mtindio wa Ubongo wa Kiwango Kidogo: Kijana Akitoka Kliniki ya Watoto Anapokelewa na Nani?



Katika semina hii nimeombwa nizungumzie maisha ya mtu mwenye mtindio wa ubongo wa kiwango kidogo na matarajio yake ya miaka ya mbele. Fasili mnaifahamu. Ubongo ambao bado unakua huumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa uzazi au katika miaka ya mwanzo: mtoto njiti, aliyechelewa kulia, aliyepata manjano kali au homa ya uti wa mgongo. Katika mfumo wa ngazi tano za uwezo wa kujongea uliotungwa na watafiti wa Kanada mwaka 1997, tunaowazungumzia leo wako ngazi ya kwanza na ya pili. Wanatembea wenyewe, wengi wakichechemea, wengine mkono mmoja ukiwa mzito. Umri wao wa kuishi haupishani sana na wa watu wengine. Hayo yanatosha.

Kinachonisumbua ni ile sentensi tunayowapa wazazi: "Jeraha la ubongo haliongezeki." Ni kweli tupu. Lakini mzazi anachosikia ni kwamba mtoto akishatembea, kazi imekwisha, na kliniki nyingi hufunga faili wakati huohuo.

Jeraha haliongezeki, ila mwili unabadilika. Mtoto anapobalehe mifupa hurefuka haraka, na misuli ya shavu la mguu iliyokakamaa haiwahi kuifuata. Kisigino kinanyanyuka, goti linajikunja, nyonga na kiuno vinabebeshwa mzigo usio wake. Kila hatua inamla nguvu kuliko inavyomla mwenzake. Ndiyo maana binti aliyekuwa akienda shule kwa miguu, akikaribia miaka thelathini au arobaini, anaweza kuanza kusumbuliwa na maumivu na uchovu, na wapo wanaopungukiwa na uwezo wa kutembea mapema kuliko rika lao. Akifika hospitali, kliniki ya watoto amepita umri. Ya watu wazima inamwona anatembea, inamwandikia dawa ya maumivu. Ofisini anaambiwa haonekani kuwa na ulemavu. Kwenye daladala anadhaniwa amelewa.

Nisieleweke kwamba naishutumu idara yoyote. Bajeti tunazijua, watumishi ni wachache. Lakini jambo hili nimeliandika kwenye ripoti za mwaka mpaka aya yake sasa nainakili tu kutoka ripoti iliyotangulia.

Napendekeza faili la kijana lisifungwe mpaka kliniki ya watu wazima ithibitishe kwa maandishi kwamba imempokea. Katika miaka ya kubalehe kifundo, goti na nyonga vipimwe kila miezi sita, na splinti, yaani kifaa cha kuushikilia mguu, ibadilishwe mguu unapokua. Chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha mafundi wa vifaa hivyo tangu 1981, kwa hiyo tusijitetee kwamba utaalamu haupo. Pamoja na kunyoosha misuli, afundishwe mazoezi ya kuiimarisha, kwani hofu ya zamani kwamba yanaongeza ukakamavu imekwisha kuachwa. Walimu wasimwondoe kwenye michezo; wampunguzie umbali, apumzike, aendelee. Wazazi wakishapewa ile sentensi ya kwanza, wapewe na ya pili: misuli na viungo vitabadilika, kwa hiyo mrudi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Maofisa utumishi wakumbushwe kwamba anayechechemea naye anahesabiwa, na mara nyingi anachohitaji ni kiti na ruhusa ya kukaa.

Vilevile, na najua nimekwisha kulisema, faili lisifungwe. Hili halihitaji mashine wala jengo jipya. Linahitaji barua ya rufaa na mtu mmoja wa kuipokea upande wa pili. Maazimio ya semina yakipunguzwa, kama ilivyo kawaida, naomba hilo libaki.