Maji Safi kwa Bata na Kuku wa Kambini

Mwezi Januari 2017 Serikali ya Uganda ilitangaza kwamba homa ya mafua ya ndege imeingia nchini humo. Ndege wa porini walikuwa wameonekana wamekufa kwa wingi kando ya Ziwa Victoria, katika Ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, na bata na kuku wa kufugwa nao walikuwa wamekufa huko Masaka. Kirusi kilichogunduliwa kilikuwa cha aina ya H5N8. Mwaka huo huo kirusi hicho kiliua bata na kuku katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Albert, mkoani Ituri, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kenya na Rwanda zilizuia kuku na mayai kutoka Uganda. Mwishoni mwa Oktoba 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa Tanzania kutoka Kenya kupitia Namanga vilikamatwa na kuchomwa moto kwa hofu ya ugonjwa huo, jambo ambalo lilizusha maneno mengi pande zote mbili za mpaka.

Askari waliokuwa zamu mipakani siku hizo waliyajua mambo hayo kwa sura moja: matenga ya kukaguliwa, magari ya kurudishwa, na wafanyabiashara wenye hasira. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Lakini buabua wa Lutembe, ambao husafiri kila mwaka kutoka Ulaya ya mashariki na Asia, hawapiti kwenye kizuizi cha barabarani wala hawaonyeshi hati. Hutua majini, hunywa, huacha kinyesi, kisha huruka. Bata wa kufugwa anayeachwa ateremke ziwani kila asubuhi hukutana nao hapo hapo, na jioni hurudi bandani akiwa na kile alichokiokota.

Ni dhahiri basi kwamba maji ni njia kubwa ya ugonjwa huu. Kirusi cha mafua ya ndege hutoka katika kinyesi cha ndege mgonjwa, na katika maji ya baridi yasiyopigwa na jua huweza kuishi kwa siku nyingi. Tena bata ana hila yake: mara nyingine hubeba kirusi bila kuonyesha dalili yoyote, hali kuku waliokunywa naye chombo kimoja wanaanguka mmoja baada ya mwingine. Wala si mafua peke yake. Kipindupindu cha kuku, homa ya matumbo ya kuku na ugonjwa wa kuhara damu vyote hupata nafasi penye chombo kichafu na ardhi iliyolowa kinyesi. Dimbwi lililotuama, lenye mizoga na majani yanayooza, huzalisha sumu inayomlegeza bata shingo hata akashindwa kuinua kichwa, na mara nyingi mwisho wake huwa kifo.

Katika makambi mengi ya jeshi na polisi familia za askari hufuga kuku na bata nyuma ya nyumba. Mayai hayo husaidia sana mwisho wa mwezi. La kusikitisha ni kwamba ndege hao mara nyingi huachiwa mtaro wa maji ya kufulia, au dimbwi lililo chini ya bomba linalovuja. Askari yule yule aliyefundishwa porini kwamba maji ya kunywa huchotwa juu ya mto, wanyama hunyweshwa chini yake, na kufua hufanywa chini zaidi, akifika nyumbani huisahau kanuni hiyo mbele ya banda lake.

Wapo watakaosema kwamba haifai kumpa bata maji safi wakati kina mama wanapanga foleni bombani. Hoja hiyo ina uzito, hasa wakati wa kiangazi. Lakini hesabu yake si kubwa kama inavyodhaniwa. Kuku wa mayai hunywa kama robo lita kwa siku, na kukiwa na joto kali hufika nusu lita. Bata hunywa zaidi, na humwaga mengi kuliko anayokunywa. Kwa hiyo bata kumi watengewe kama nusu debe. Maji yanayobaki chomboni hayapotei bure, kwani yanaweza kumwagwa kwenye mashina ya migomba. Kifo cha kundi zima kina gharama kubwa kuliko nusu debe hilo.

Bata hahitaji bwawa ili aishi. Anachohitaji ni chombo chenye kina cha kumwezesha kuzamisha mdomo wote hadi puani, kwa maana husafisha pua na macho yake kwa maji. Asipoweza hivyo, macho hushikana kwa uchafu. Kwa kuwa hula huku akinywa, maji yake hugeuka uji katika muda mfupi. Chombo kiwekwe mbali kidogo na chakula, juu ya changarawe au kichanja cha fito, kisuguliwe kila siku, na maji yabadilishwe asubuhi na mchana. Vifaranga vya bata wapewe chombo kifupi chenye kokoto ndani yake, maana wakilowa hupata baridi na kufa. Kuku watengewe chombo chao. Kopo lililotobolewa karibu na ukingo, likajazwa na kufunikwa juu ya sahani yenye ukingo ulio juu kidogo ya tundu hilo, hutoa maji kidogo kidogo na kuyazuia yasichafuliwe.

Maji ya bomba au ya kisima kilichofunikwa yanatosha. Ya ziwani au mtoni yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa, kisha yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kile kile cha maji ya watu na kungojewa nusu saa. Wengine hudhani kuwa dawa hiyo ikitiwa katika maji ambayo bata wamekwisha kuyachafua itayasafisha. Hayo ni makosa: tope na kinyesi huimaliza nguvu klorini kabla haijaua vijidudu. Aidha, siku ya kuchanja kuku dhidi ya mdondo kwa chanjo ya maji, klorini isitumike kabisa, kwani huiua chanjo yenyewe.

Bata au kuku wakianza kufa kwa pamoja, mizoga isiliwe, isiuzwe, wala isitupwe ziwani. Asiwepo wa kuwashika kwa mikono mitupu, maana ndugu wa kirusi hiki, H5N1, amekwisha kuua watu, na H5N8 yenyewe ilipatikana kwa wafanyakazi wa shamba la kuku nchini Urusi, kama ilivyotangazwa mwaka 2021. Daktari wa mifugo aarifiwe siku hiyo hiyo, na mkuu wa kambi pia. Na familia iliyopata uhamisho wakati huo isipakie matenga yake kwenye lori la vyombo mpaka daktari atakapotoa ruhusa.