Oveni ya Umeme Ikigoma, Tuanze na Mita Kabla ya Barua ya Maombi

(Mada iliyotolewa kwa kamati za miradi za sharika, Bahi)



Tumeombwa tuzungumze juu ya kutengeneza oveni ya umeme ya nyumbani. Zamani mada hii isingekuwa na wasikilizaji hapa Bahi. Mkate ulitoka Dodoma mjini kwa basi, au uliokwa kwa oveni ya mkaa. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulianza kazi mwaka 2007, na kadiri nguzo zilivyosogea vijijini, vikundi vyetu navyo vikaanza kununua oveni au kupewa na marafiki. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Kwa hiyo vyombo hivi vitaongezeka, na vinavyoharibika vitaongezeka pia.

Tukipitia taarifa za robo mwaka, tunakutana mara kwa mara na sentensi hii: "Oveni ni mbovu, tunaomba nyingine." Ni nadra kuona imeandikwa ni kitu gani ndani yake kimeharibika. Wakati huo akina mama wamerudi kwenye gunia la mkaa, na wateja wa skonzi pale stendi wamekwishapata muuzaji mwingine. Ndugu wajumbe, oveni ni chombo chepesi kuliko redio. Ndani yake kuna elementi, ambayo mafundi wengi huiita koili. Kuna themostati inayopima joto. Kuna swichi, waya na mlango. Kinachokufa mara nyingi ni elementi, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya oveni.

Kabla ya kushika bisibisi, chomoa plagi kwenye soketi. Kuzima swichi tu hakutoshi, maana kama nyaya za soketi zimegeuzwa, umeme unabaki ndani ya oveni hata swichi ikiwa imezimwa. Acha oveni ipoe kabisa. Plagi iliyochomolewa iwekwe mahali ambapo wewe unayefanya kazi unaiona, ili mtoto asije akaichomeka kwa kukusaidia.

Anzeni kuchunguza kwenye plagi yenyewe. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ya amperi 13, nayo kwa volti 230 inabeba wati 2,990 na si zaidi. Oveni ikilegea kwenye soketi, plagi huchemka, plastiki hubadilika rangi, na mwisho fyuzi hukatika. Tumeona fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya sigara, na nyingine kipande cha msumari. Jambo hilo tunalikataza kabisa katika miradi yetu. Msumari haukatiki, kitakachokatika ni waya ukutani, usiku, watu wamelala.

Sasa elementi. Ndani ya bomba lile jeusi kuna waya wa nikeli na kromu, mchanganyiko uliopewa hataza Marekani mwaka 1906 kwa jina la Albert Marsh, na mpaka leo dunia nzima inaoka kwa huo. Waya huo umezungukwa na unga mweupe wa oksidi ya magnesiamu ili umeme usiguse bomba. Fungua kifuniko cha nyuma, piga picha kwa simu jinsi waya zilivyofungwa, kisha chomoa waya mbili za elementi. Weka multimita kwenye omu na upime ncha kwa ncha. Hesabu ni hii: volti zidisha kwa volti, gawa kwa wati. Elementi ya wati 2,000 itasoma omu 26 hivi. Ya wati 1,200 itasoma 44. Mita isiposoma chochote, waya umekatika ndani na elementi hiyo haina dawa. Wati zake mara nyingi zimegongwa kwenye bomba au kwenye kibati. Nenda dukani na elementi ya zamani mkononi, maana umbo, nafasi ya matundu na wati vyote lazima vilingane.

Kisha pima tena, safari hii ncha moja ya mita kwenye elementi na nyingine kwenye bati la oveni. Hapo tunataka mita isisome kitu. Ikisoma, umeme unavujia kwenye bati. Na hapa kuna jambo la majira yetu: oveni iliyokaa stoo tangu mvua za Desemba mpaka Aprili hunyonya unyevu kupitia ule unga mweupe. Ukiwasha, swichi ya usalama inaruka, watu wanasema imeungua, kumbe imelowa. Itoeni elementi, iwekeni kwenye oveni ya mkaa yenye moto mdogo saa moja au mbili, muipime upya. Mita ndogo ya betri haioni uvujaji wote, hivyo elementi iliyowahi kuvuja ionwe na fundi mwenye mita ya kupima insulesheni kabla haijarudi kazini.

Tunaomba tukae kidogo kwenye suala la waya wa athi, kwa sababu ndilo linaloweza kuua mtu. Waya ule wa kijani na njano unafungwa kwenye bati la oveni na unaishia kwenye fimbo ya shaba ardhini. Wengi tunaamini kwamba fimbo ikiwepo, tuko salama. Lakini udongo wa Bahi kuanzia Juni hadi Novemba ni mkavu, na udongo mkavu unapitisha umeme kwa shida. Chukueni mfano wa fimbo yenye ukinzani wa omu 100. Elementi ikivujia kwenye bati, umeme utakaopita ardhini ni 230 gawa kwa 100, yaani amperi 2.3. Fyuzi ya amperi 13 haitashtuka hata kidogo. Bati litabaki na umeme, na mama atakayelishika kwa mkono wenye unga uliolowa, akiwa pekupeku juu ya sakafu, ndiye atakayekuwa njia ya umeme. Kwa hiyo kila jengo la usharika lenye oveni tunataka liwe na swichi inayojikata umeme unapovuja, ile yenye kitufe cha kujaribia, na kitufe hicho kibonyezwe kila mwezi. Fimbo ya athi ipigwe chini sana, na ikiwezekana pale maji ya kuogea yanapomwagikia. Kazi hiyo ya nyaya za jengo si yetu. Ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na mumdai leseni aionyeshe.

Malalamiko mengine si ubovu. "Oveni haiivishi jioni." Jioni kila nyumba imewasha, na umeme mwishoni mwa laini unashuka. Ukifika volti 180, elementi ya wati 2,000 inatoa kama wati 1,225 tu, yaani asilimia 61 ya joto lake. Kubadilisha elementi hapo ni kutupa fedha. Okeni alfajiri, na upungufu huo uripotiwe TANESCO. Lingine ni mpira au kamba ya mlango iliyochakaa: joto linatoka, yuniti za LUKU zinakwisha, mkate unaungua upande mmoja. Themostati mnaweza kuijaribu kwa sukari kidogo juu ya karatasi ya foili. Sukari huyeyuka kwenye nyuzi 186 hivi. Ukiweka 175 kwa robo saa isiyeyuke, ukiweka 195 iyeyuke. Ikiwa kinyume, angalieni kwanza kama kile kijiti cha shaba ndani ya oveni kimetoka kwenye vishikizo vyake. Mara nyingi kimeangushwa na mtu aliyekuwa akisafisha.

Kwa marafiki wetu wa nje tuna neno, na tunalisema kwa shukrani. Majiko mengi ya Ujerumani yametengenezwa kwa umeme wa laini tatu na hayaji na plagi. Nyumba za huku zina laini moja, hivyo fundi lazima ayaunge upya, na soketi ya kawaida haiwezi kuyabeba. Oveni ndogo ya Marekani ya volti 120 ikichomekwa kwenye volti 230 inapokea nguvu karibu mara 3.7 ya iliyokusudiwa, na haimalizi dakika nyingi. Kabla ya kupakia kontena, tuandikieni namba zilizo kwenye kibati cha nyuma. Mkituuliza tungependa nini, tutajibu elementi mbili za akiba kwa kila oveni iliyopo, na ada ya kijana mmoja kwa kila usharika kwenda kusoma kozi fupi ya umeme VETA Dodoma. Oveni ya tano ikiongezwa juu ya nne zilizozimika, mwakani tutakuwa na tano zilizozimika.

Kwa upande wa kamati, kuanzia robo hii daftari la mali litakuwa na safu mpya: aina ya oveni, wati za elementi, omu zilizosomwa ilipokuwa nzima, na tarehe ya kupima athi. Ombi la oveni mpya lisilo na namba hizo tutalirudisha kwa katibu. Multimita moja itakaa kwa kila mchungaji kiongozi, inaazimwa kwa kuandika jina, na anayeirudisha aizime kwanza, maana betri ya volti 9 haipatikani kila duka hapa Bahi.