Mgunda Mkali: Shoka, Jembe na Majina ya Nyanda za Kati



Misafara ya pembe iliyotoka pwani kwenda Tabora katika karne ya 19 iliviogopa vipande viwili vya njia katika nyanda hizi za kati za Tanzania. Cha kwanza kilianzia Chunyo, karibu na Mpwapwa, kikaitwa Marenga Makali. Mtu wa pwani akisikia malenga humfikiria mshairi; Mgogo hufikiria maji. Maji ya Chunyo yana chumvi, na kutoka hapo msafara ulitembea na kiu mpaka Ugogo. Cha pili kilikuwa upande wa magharibi wa Ugogo, kutoka Mdaburu hadi Tura, na jina lake ni Mgunda Mkali. Hapo ndipo lilipo fumbo langu la leo. Mgunda ni shamba. Inakuwaje pori lililotisha wapagazi kuliko yote liitwe shamba?

Neno lenyewe halina utata. Wagogo wanalo, Wanyamwezi na Wasukuma wanalo, na ukifika Nyeri, Kenya, utamkuta Mkikuyu naye anakwenda mugunda na jembe begani. Ukali nao unaeleweka. Jibu la fumbo nalitafuta kwa waliolitamka jina. Wapagazi wengi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi, na Mnyamwezi alibeba mizigo kiangazi, mvua zikikaribia akarudi kulima. Aliitazama ardhi kwa jicho la mwenye jembe. Richard Burton, aliyepita humo mwaka 1857 akielekea Ziwa Tanganyika, alilifasiri jina hilo kuwa shamba la moto, na papo hapo akaandika kwamba pori lilikuwa limeanza kusinyaa kwa sababu Wakimbu walikuwa wakilifyeka na kujenga vijiji ndani yake. Jiwe la Mkoa, kituo kilichotajwa na wasafiri, kilikuwa mojawapo ya makazi hayo.

Hoja yangu ni hii: pori la nyanda za kati mara nyingi ni zamu tu. Ardhi hufyekwa, hulimwa, huchoka au hukosa mvua, huachwa, kisha miiba hurudi. Kiswahili kina neno la zamu hiyo ya mwisho, mahame. Anayefika wakati wa mahame huona nchi tupu. Anayesikiliza majina husikia shoka.

Chukueni neno mtemi. Usukuma, Unyamwezi, Ukimbu na Ugogo, hicho ndicho kilichokuwa cheo cha mtawala. Hapa jirani na Dodoma, Mvumi, alikuwapo Mtemi Mazengo. Kutema ni kukata, na hata kamusi za Kiswahili bado zinalo neno tema kwa maana ya kukata kwa panga au shoka. Wapo wasemao kwamba mtemi ni mfyeka msitu, wapo wasemao ni mkata mashauri. Mimi sioni ugomvi. Aliyefyeka kwanza ndiye aliyewapokea waliomfuata na kuwaonyesha pa kulima, na mipaka ilipogombewa, kwake ndiko watu walikokwenda. Shauri lilikatwa na yule yule aliyekata miti.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Katika nchi ya Watamili, kusini mwa India, wafalme wa ukoo wa Pallava waliotawala kutoka Kanchipuram walikuwa na jina la sifa: Kaduvetti. Kadu ni msitu, vetti ni mwenye kukata. Vijiji vingi vya huko mpaka leo majina yake huishia na kadu, na vingine na vayal, yaani shamba la mpunga. Mtamili na Msukuma hawakuazimana neno. Wameazima kwa ardhi: pote pawili, mamlaka yalianzia pale kivuli cha msitu kilipoondoka.

Hata hivyo, mfyekaji mwenye akili hakati vyote, na hapo ndipo majina yetu yanaponoga. Kwenye barabara ya Iringa kuna mahali paitwapo Chipogoro. Ndani ya jina hilo unasomeka waziwazi mpogoro, mti ambao wataalamu wa mimea huuita Faidherbia albida. Nikiwa mtoto nilimwuliza bibi kwa nini mpogoro wa shambani kwake umekufa Januari, wakati kila kitu kimechipua. Hakunijibu. Alinipa jembe, akaniambia, "Chimba hapa, kisha kachimbe pale juani." Chini ya mti udongo ulikuwa mweusi, laini, na uwele ulikuwa umenifika kifuani, juani ulinifika magotini. Mpogoro hupukutisha majani mvua zikianza, ukaacha jua lifike kwenye mimea, kisha hujivika majani kiangazi, na maganda yake huwa chakula cha ng'ombe nyasi zinapokauka. Mti wa namna hiyo haukatwi. Unaachwa, na mahali panaitwa kwa jina lake.

Ndivyo lilivyo pia jina la Kikuyu, hapa Dodoma mjini. Wageni hudhani kuna uhusiano na Wakenya. Upo, lakini haupitii kwa watu. Wagogo walisema Chikuyu, Kiswahili kikageuza chi kuwa ki, na mzizi ni mkuyu, mti ule ule ulio ndani ya jina la Wakikuyu. Vivyo hivyo Mhamvwa ya Wagogo iligeuka Mpwapwa midomoni mwa wasafiri. Kwa hiyo nawasihi wanafunzi: msilipokee jina kwa hadithi tamu tu. Hata tembo wetu aliyedidimia matopeni akaiachia Dodoma jina lake, mpimeni kwa sauti, kwa lugha za jirani, kisha nendeni mkakanyage udongo wenyewe wakati wa masika.

Sasa tazameni ufyekaji wa namna nyingine. Mwaka 1947 Waingereza walifika Kongwa na Mpango wa Karanga. Walikusudia kufyeka ekari zaidi ya milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Matingatinga yaling'oa miti kwa minyororo. Mizizi ya miiba ikavunja majembe ya trekta, na jua likaukausha udongo wa mfinyanzi ukawa kama sakafu, karanga zikakwama ndani. Januari 1951 mpango ulitupwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimeteketea. Ardhi ile ilikuwa imegawanywa katika vipande vya ekari 30,000, vikapewa namba. Mtu huliita shamba kwa jina pale anapolijua, na kulijua kunataka misimu. Namba zile ziliondoka na waliozileta.

Mwaka 1973 ilipoamuliwa makao makuu ya nchi yahamie hapa Dodoma, ramani mpya zilileta mitaa ya Area A, Area C na Area D. Herufi hizo zimerahisisha kazi ya wapimaji, na mimi mwenyewe nimewahi kupanga chumba katika mojawapo. Lakini linganisheni na Tambukareli: neno moja linalokuambia pana reli, pana watu ng'ambo yake, na walivuka kwa miguu.

Sipingi upimaji wa viwanja. Bila hati, mjane hunyang'anywa shamba mchana kweupe. Ninachoomba ni kitu kidogo. Mpimaji anapochimbia bikoni, amwulize mwenye shamba panaitwaje, na jibu liandikwe kwenye ramani kando ya namba. Wanafunzi wa isimu wa chuo chochote kilichopo mjini hapa wanaweza kuifanya kazi hiyo likizo moja, kijiji kwa kijiji.

Mwaka jana nilikwenda kwenye shamba la bibi. Bikoni ya zege iko hatua chache kutoka kwenye mpogoro, na namba imechorwa vizuri. Kijana aliyenionyesha mpaka aliniambia kwamba mti ule utakatwa, kwa sababu umekauka. Ilikuwa Januari. Nikamwomba jembe.