Minara Inayomwongoza Rubani

Msikilizaji, rubani aliye ndani ya wingu zito haoni ardhi. Mitambo ya redio iliyo chini ndiyo macho yake.

NDB, mtambo wa zamani, hurusha mawimbi pande zote, na sindano ndani ya ndege huelekea uliko. Ubaya wake, radi nayo hurusha mawimbi. Sindano inaweza kuvutwa kwenye dhoruba yenyewe.

Mtambo mwingine, VOR, umebuniwa kwa akili ya kupendeza. Fikiria mnara wa taa baharini: mwanga mmoja unazunguka, na taa nyingine inawaka pande zote kila mwanga ule unapopita kaskazini. Ukipima muda kati ya kuwaka kwa taa hiyo na mwanga ule kukufikia, unajua uko upande gani wa mnara. VOR hufanya hivyo kwa mawimbi ya redio, mara 30 kila sekunde! Lakini mlima ukisimama katikati, mawimbi hayo hayafiki.

Umbali hupimwa na mtambo wa DME: ndege huuliza, mtambo hujibu, na muda wa kungoja jibu ndio unaoonyesha umbali.

Wakati wa kutua ni zamu ya mtambo wa ILS, unaomshusha rubani katikati ya njia ya kutua, kwa mteremko wa takriban digrii 3.