Mwandikieni Muda Wake
Hotuba ya mgeni rasmi kwenye mahafali ya chuo cha ualimu

 

Barua ya mwaliko iliniomba nije niwatie moyo. Mtu asiyeona akishapewa kipaza sauti, mara nyingi hutarajiwa kazi hiyo tu. Leo naomba nizungumzie mbio, na hasa raha ya kufikia muda uliojiwekea mwenyewe. Mwalimu asiyeijua raha hiyo anaweza kumharibu mtoto huku akidhani anamsaidia.

Macho yangu yalizimika taratibu kwa presha ya macho, nikiwa tayari kazini. Kukimbia kulikuja baadaye, kwa amri ya daktari aliyekerwa na kitambi changu. Ninakimbia na mwalimu mwenzangu wa Hesabu. Chombo chetu ni kamba ya kiatu yenye vitanzi viwili, kimoja kwenye vidole vyangu, kingine kwenye vidole vyake. Ikilegea najua amenisogelea, ikikaza najua tunaachana. Kona naisikia kwenye kamba kabla hajafungua mdomo.

Mbio zangu za kwanza zilikuwa za kilomita tano. Mtangazaji alinitaja hata kabla hatujaanza, uwanja ukalipuka kwa makofi. Mmoja wa waandaaji akaja, akanivisha medali pale pale kwenye mstari wa kuanzia, akasema, "Mzee, hata ukiishia kwenye ile kona, umeshatufurahisha." Alikuwa mtu mwema kabisa. Medali hiyo ipo nyumbani, wajukuu wanaichezea.

Baada ya hapo nikajiwekea lengo: nusu marathoni ya Kilimanjaro, pale Moshi, kilomita 21 na ushei, chini ya saa mbili na nusu. Ni lengo lisilomshtua mtu. Washindi wa mbio hizo humaliza kwa saa moja na dakika chache, wakaoga na kunywa chai wakati sisi bado tuko barabarani. Ila mimi nilikuwa nimelipigia hesabu, na nilijua linaweza kunishinda.

Wanaoijua njia ile wanajua kwamba mwanzo wake ni kupanda kuelekea Mweka, kisha unarudi kwa mteremko. Wenye macho huogopa kupanda. Mimi naogopa kuteremka. Unapopanda, ardhi huuwahi mguu. Unapoteremka, ardhi huchelewa, na kila hatua ni kama kukanyaga ngazi ambayo haipo. Kwa hiyo pale ambapo wenzangu hufidia muda, mimi ndipo ninapoupoteza. Mazoezi yetu karibu yote yakawa ya mteremko. Mwenzangu akajifunza kusema kwa mkato: tuta, shimo kulia, maji, kona pana kushoto. Mwanzoni alikuwa ananisimulia kila kitu, hadi theluji ya kileleni. Nikamwambia mlima tuuache, anipe lami.

Siku ya siku tulivuka mstari kwa saa 2 na dakika 27. Hakuna aliyetutangaza, mtangazaji alikuwa kwenye zawadi za washindi. Mwenzangu akanisomea saa yake. Nikamwambia arudie. Akarudia, na sauti yake ikawa imebadilika kidogo.

Wahitimu, sina jinsi ya kuifananisha raha ile na makofi ya siku ya kwanza. Hii ilikuwa na kipimo. Tungetumia dakika tano zaidi, tungekuwa tumekosa, na hakuna medali ambayo ingeficha hilo. Kwa kuwa ningeweza kukosa, nilipopata nilijua nimepata.

Wengi wenu mmewahi kusikia habari za Henry Wanyoike wa Kikuyu, nchini Kenya. Alikuwa kijana mwenye mbio, mwaka 1995 akapata kiharusi. Alilala akiona, akaamka haoni. Kabla ya kurudi kwenye riadha alikwenda Machakos kujifunza kufuma sweta. Kwenye Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, mbio za mita 5,000, mwongozaji wake hakuwa mzima wa afya. Karibu na mwisho nguvu zikamwishia, Wanyoike akamkokota hadi kwenye mstari, wakachukua dhahabu. Wasimuliaji hupenda kuishia hapo, maana panaliza watu.

Mimi hunivutia zaidi Aprili 2005. Wanyoike alikimbia marathoni ya London kwa saa 2:32:51, rekodi ya dunia kwa wasioona. Wiki moja tu baadaye akaenda Hamburg, Ujerumani, akamaliza kwa 2:31:31. Anayeshibishwa na makofi angebaki London kupiga picha. Huyu alikuwa na muda mwingine kichwani, akaenda kuutafuta.

Kuna sheria moja ya mbio za wasioona ninayoipenda sana. Mwongozaji haruhusiwi kumvuta mkimbiaji wake, na kwenye mstari wa mwisho asiyeona ndiye lazima atangulie. Mwongozaji akitangulia, mbio zenu zimefutwa. Katika miaka yangu ya ualimu nimeona walimu wengi wenye huruma wanaotangulia kuvuka mstari. Wanamjibia mtoto swali, wanambebea kazi, wanampa alama za bure, na mwisho wa mwaka mtoto hajui chochote kuhusu uwezo wake.

Sasa mnakwenda vituoni. Mtakuta kwamba kipindi cha michezo kikifika, mtoto mwenye ulemavu huambiwa akae chini ya mwembe alinde viatu na masweta ya wenzake. Hakuna anayemchukia, ndivyo ilivyozoeleka. Siku akijaribu hatua mbili tatu, shule nzima humshangilia, kisha anarudishwa kulinda viatu.

Msiniambie habari za bajeti. Kamba ya kiatu mnayo miguuni. Asiyeona mtafutieni mwenzake wa kumwongoza, anayemzidi mbio kidogo ili asije akaishiwa pumzi kabla yake. Wa magongo apimwe kwa magongo yake, wa kiti mwendo apimwe kwa kiti chake, hata kama uwanja ni wa vumbi na umbali ni mita hamsini. Mshindanisheni na muda wake wa wiki iliyopita. Akipunguza sekunde mbili, mwambieni ni sekunde mbili, msimwambie ni shujaa. Asipopunguza, mwambieni pia, na muwe naye uwanjani wiki inayofuata.

Kwa hiyo ukifika shuleni kwako, omba daftari la michezo, ulifungue, utafute jina la mtoto huyo. Kama halimo, au limo bila muda mbele yake, chukua saa, mtoe chini ya mwembe, na umwandikie muda wake wa kwanza kabla wiki haijaisha.